Nasaba ya Pio Gama Pinto na kitendawili cha mauaji kisichoteguliwa

ASUBUHI ya Februari 24, 1965, mtoto wa kike wa umri wa mwaka mmoja na nusu hivi alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari nje ya nyumba yao mtaani Westlands, Nairobi. Babake ndiye aliyeshika usukani. Gari lilikuwa lingali katika njia ya kutokea nyumbani wakati risasi zilipofyatuliwa. Mtoto huyo hakuguswa. Babake, Mbunge Maalum Pio Gama Pinto, aliaga dunia papo hapo akiwa na umri wa miaka 37.

Kenya ilikuwa imejitawala kwa miezi 14 tu. Hayo yalikuwa mauaji ya kwanza ya mwanasiasa mashuhuri katika taifa huru, na hayakuwa ya mwisho. Tom Mboya alipigwa risasi Julai 1969, J.M. Kariuki akauawa Machi 1975, naye Waziri wa Mashauri ya Kigeni Dkt Robert Ouko akauawa Februari 1990. Kila mara orodha hiyo isomwapo, jina la Pinto ndilo linaloifungua. Na kila mara swali huwa lile lile: ni nani aliyetoa amri?

Swali hilo ni la haki na halina budi kuendelea kuulizwa. Hata hivyo, lipo swali jingine ambalo huulizwa kwa nadra: aliyeuawa alikuwa mwana wa nani, na alitoka katika nyumba ya namna gani? Pasipo jibu la swali hili la pili, Pinto hubakia jina tu katika orodha ya marehemu, Mwasia fulani aliyejiingiza katika siasa za Waafrika akapatwa na yaliyompata.

Historia ya familia yake haimtaji muuaji. Jambo inalolifanya ni kuonyesha ukubwa wa deni. Nyumba hiyo ilitozwa na serikali mbili, ya mkoloni na iliyoirithi, na hakuna hata moja iliyowahi kuja kuisawazisha hesabu.

Watumishi wa dola ya wengine

Asili ya ukoo wa Pinto ni Goa, eneo dogo lililo katika pwani ya magharibi ya India. Wareno walilitwaa mwaka 1510 na kulishikilia hadi Desemba 1961, jeshi la India lilipowatimua. Wenyeji wengi waliingizwa katika dini ya Kikatoliki wakapewa na majina ya Kireno. Ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa Nairobi akaja kubeba jina la Gama, lile lile la baharia aliyetia nanga Malindi mwaka 1498.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuiona Goa kuwa nchi ya mbali. Enzi Wareno walipoitawala Mombasa na kujenga Ngome ya Yesu, amri zao zilitoka kwa gavana mkuu aliyekaa Goa. Karne nyingi kabla ya Mgoa wa kwanza kushika kalamu katika afisi ya serikali ya Nairobi, hatima ya Goa na ile ya pwani yetu ilikuwa imeandikwa katika daftari moja.

Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani kati ya mwaka 1896 na 1901, walihitaji watu wa kuzijaza afisi zao. Wagoa walikuwa na elimu ya shule za kanisa, na waliaminika kwa kazi za hesabu na barua. Wengine wao walikuja wakiwa mafundi cherehani na wapishi. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kando na Wahindi wengine. Katika ngazi ya rangi ya wakati huo, Mzungu akiwa juu na Mwafrika chini, Mgoa aliwekwa katikati na kutarajiwa kushukuru.

Anton Filipe da Gama Pinto, babake Pio, alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa afisa katika serikali ya kikoloni ya Kenya, na mwanawe huyo alizaliwa Nairobi Machi 31, 1927. Kama walivyofanya wazazi wengi wa tabaka lake, alimpeleka mwanawe India kusoma akiwa na umri wa miaka minane. Bila shaka njia aliyotarajiwa kuifuata kijana huyo ilikuwa imekwisha kuchorwa: masomo, cheti, kisha kurejea kukalia kiti cha afisi kama babake.

Lakini mtoto umleavyo sivyo akuavyo daima. Nchi alikopelekwa Pio ilikuwa ikichemka. Alisoma Goa na baadaye katika chuo cha Karnatak huko Dharwar. Mwaka 1944 alijiunga kwa muda na kikosi cha wanahewa cha India akiwa mwanafunzi wa ufundi, kisha akaajiriwa katika shirika la posta na simu jijini Bombay, ambako alishiriki mgomo wa wafanyakazi. Wakati huo huo alikuwa akiupinga utawala wa Wareno katika nchi ya mababu zake.

Wareno nao hawakuwa watu wa mzaha. Waliokamatwa kwa siasa wangeweza kupelekwa Tarrafal, kambi ya mateso iliyokuwa katika visiwa vya Cape Verde. Pinto alipojua kwamba alikuwa akitafutwa, alirudi alikozaliwa mwaka 1949. Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ila ngama aliyoirejea haikuwa ile aliyoiacha, wala yeye hakuwa yule mtoto wa miaka minane.

Mwana dhidi ya mwajiri wa babake

Nairobi ya mwaka 1949 ilikuwa ya vitambulisho vya kipande, mitaa iliyogawanywa kwa rangi na vyama vya wafanyakazi vilivyoandamwa. Mwezi Mei 1950, viongozi wa muungano wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa, na Singh akakaa kizuizini na uhamishoni hadi mwaka 1961. Pinto aliingia katika pengo lililoachwa nao. Afisi yake ilikuwa katika ukumbi wa Desai Memorial, ambako alifanya kazi na chama cha kisiasa cha Wahindi, akahariri gazeti la Daily Chronicle na kuwasaidia viongozi Waafrika kuandaa malalamiko na makala.

Hapo ndipo ulipozaliwa mkinzano mkubwa katika historia ya familia hii. Baba alikuwa amekula mkate wa serikali ile ile ambayo mwana alitaka kuing'oa. Kwa Mgoa wa tabaka lao hilo halikuwa jambo dogo. Kazi ya serikali ilikuwa heshima ya ukoo, ndiyo iliyolipa karo, ndiyo iliyotuma pesa Goa, na ndiyo iliyofungua mlango wa kilabu na wa kanisa. Kijana aliyeipinga serikali aliweka rehani jina la watu wote wa nyumba yake.

Pinto alilipa gharama hiyo kwa kujua. Alijifunza Kiswahili, akakifanya chombo cha kazi yake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliwasaidia waliokamatwa kupata mawakili, pamoja na familia zilizobaki bila mtu wa kuzitegemea.

Januari 1954 alimwoa Bi Emma Dias. Miezi mitano baadaye, Juni 1954, naye akakamatwa. Huo ulikuwa msimu wa operesheni ya Anvil, ambapo maelfu ya wakazi wa Nairobi walizolewa na kutupwa kambini. Pinto alipelekwa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, alikozuiliwa hadi mapema mwaka 1958. Kutoka huko alihamishiwa Kabarnet, akalazimishwa kukaa humo hadi Oktoba 1959. Hakuwahi kushtakiwa mahakamani.

Hesabu ya ndoa hiyo inaumiza. Bi Emma aliishi na mumewe kwa miezi mitano, kisha akamsubiri kwa karibu miaka minne, akiwa bi harusi aliyeandika barua ambazo zilisomwa kwanza na askari. Alipohamishwa Kabarnet, mkewe alimfuata, na ni katika uhamisho huo ambapo nyumba yao ilianza kuwa nyumba.

Wakati wa miaka ya kizuizini ndipo mzee Anton Filipe alipofariki. Mwanawe hakuwa kando ya kitanda chake. Mtu aliyeitumikia serikali ya kikoloni aliondoka duniani huku serikali hiyo ikiwa imemfungia mwanawe kisiwani bila hukumu yoyote. Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza ya malipo ya familia hii.

Mhariri aliyechagua Kiswahili

Aliporudi Nairobi, Pinto hakwenda kutafuta kazi ya mshahara wa uhakika. Mwaka 1960 alianzisha Sauti ya KANU, gazeti la chama kipya kilichokuwa kikijiandaa kutawala. Mapema katika miaka hiyo ya sitini alishiriki kuanzisha kampuni ya Pan African Press, iliyochapisha Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na Nyanza Times.

Jambo hili lapasa kuzingatiwa na kila anayesoma gazeti la Kiswahili nchini Kenya. Mtoto wa karani Mgoa, aliyesoma Goa na Dharwar, aliamua kwamba mazungumzo kuhusu uhuru hayangeachiwa wanaojua Kiingereza peke yao. Aliona kuwa mfanyakazi wa bohari, mpagazi wa reli na mkulima aliyenyang'anywa shamba walistahili kusoma habari za nchi yao kwa lugha waliyoielewa.

Mapato yake hayakukaa mfukoni. Waliomfahamu walieleza mara nyingi kwamba alikuwa akitoa alichokuwa nacho kwa waliotoka kizuizini bila ardhi wala kazi, na kwamba mshahara wa Bi Emma ndio uliokuwa nguzo ya nyumba. Mabinti watatu walizaliwa. Mwaka 1963 Pinto alichaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki, na Julai 1964 akaingia katika Bunge la Kenya akiwa Mbunge Maalum. Alikuwa pia mmoja wa waliosimamia kuanzishwa kwa Taasisi ya Lumumba, iliyofunguliwa Desemba 1964 ili kuwafunza makada wa KANU.

Hakuisahau nchi ya mababu zake wala wengine waliokandamizwa na mtawala yule yule. Wareno walikuwa wangali Msumbiji na Angola, na Pinto aliwaunga mkono wapigania uhuru wa nchi hizo. Ukiuangalia mkondo huo vyema utaona kwamba mapambano aliyoyaanza akiwa kijana huko Goa hayakuwahi kukatika. Yalihama bahari tu.

Miezi michache ya mwisho

Mwanzoni mwa mwaka 1965 KANU ilikuwa imegawanyika waziwazi. Upande mmoja ulimzunguka Makamu wa Rais Jaramogi Oginga Odinga, ukidai kwamba ardhi iliyotwaliwa na walowezi irejeshwe kwa wasionacho na kwamba uhuru usiwe wa kubadilisha rangi ya matajiri pekee. Upande wa pili ulitaka mali ya watu binafsi ilindwe na mitaji ya kigeni ikaribishwe. Pinto alikuwa mratibu mkuu wa kundi la kwanza. Wengi walimtambua kuwa ndiye aliyejua kuhesabu kura za wabunge, kuandaa hoja na kuwakutanisha watu ambao vinginevyo wasingeketi meza moja.

Mei 1965 serikali iliwasilisha Waraka Rasmi Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ulioweka dira ya uchumi wa Kenya kwa miongo iliyofuata. Mtu ambaye angeongoza upinzani dhidi ya waraka huo ndani ya Bunge alikuwa kaburini kwa miezi miwili na ushei. Mwaka uliofuata Odinga alijiuzulu, na kundi lake likakihama chama.

Nadharia kuhusu sababu ya mauaji zimekuwa nyingi. Wapo wanaoamini kwamba yalipangwa na watu wenye mamlaka serikalini walioona uwezo wake wa kuwaunganisha wabunge kuwa tishio. Wapo wanaotaja mivutano ya mataifa makubwa, na wengine wanawaangalia Wareno aliowasumbua tangu ujana wake. Hakuna nadharia hata moja iliyowahi kupimwa katika mizani ya mahakama, na gazeti halina uwezo wa kutoa hukumu ambayo korti haikuitoa. Yaliyo wazi ni yale yaliyofanywa, na yasiyofanywa, baada ya risasi kulia.

Kesi yenye sura ya jambo nusu

Vijana wawili walifikishwa kizimbani. Mmoja aliachiliwa. Wa pili, Kisilu Mutua, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alipatikana na hatia na kuhukumiwa kunyongwa. Hukumu hiyo ilibadilishwa baadaye kuwa kifungo cha maisha. Jaji Mkuu wa wakati huo, Sir John Ainley, aliyeisikiliza kesi, hakuuficha wasiwasi wake: alikiri kwamba kesi hiyo ilikuwa na sura ya jambo ambalo halijakamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika walioletwa mbele ya mahakama.

Maneno kama hayo yakitoka kwa jaji aliyetoka kumhukumu mtu kifo si maneno ya kupuuzwa. Yalikuwa mwaliko kwa polisi na mwendesha mashtaka kuendelea kuchimba. Hakuna mtu mwingine aliyepatikana na hatia kuhusu mauaji hayo kuanzia siku hiyo hadi leo.

Mutua alikaa gerezani kwa zaidi ya miaka 35. Rais Daniel arap Moi alimwachilia kwa msamaha mwaka 2001. Aliingia akiwa kijana, akatoka akiwa mzee katika nchi ambayo hakuitambua, na tangu alipokamatwa hakuacha kusisitiza kwamba si yeye aliyemuua Pinto.

Ikiwa alisema kweli, basi serikali iliiba maisha ya watu wawili kwa risasi za asubuhi moja. Na hata kama alihusika, ni vigumu kuamini kwamba kijana wa mtaani asiye na mali wala chama aliamka siku hiyo akaamua kivyake kumuua mbunge. Alikuwa na mtu nyuma yake. Kumfungia yeye pekee kulikuwa sawa na kuukata mkia wa nyoka na kuuonyesha umma kwamba nyoka amekufa.

Kwa hiyo familia zilizoachwa njia panda ni mbili, wala si moja. Ya kwanza ni ya mjane wa Westlands na mabinti wake watatu. Ya pili ni ya watu wa Mutua, waliomngoja kwa miaka ambayo inatosha mtoto kuzaliwa, kuoa na kupata watoto wake mwenyewe. Familia hizi hazikuwa na uadui. Ziliunganishwa na faili ambayo mtu fulani aliamua ifungwe mapema.

Mjane, marafiki na kaburi

Septemba 1965, Bi Emma alisafiri hadi Santiago, Chile, kupokea tuzo ambayo shirika la kimataifa la wanahabari lilimtunukia marehemu mumewe. Ilikuwa heshima kubwa, na inafaa kukumbukwa kwamba ilitolewa ng'ambo, ilhali nyumbani uchunguzi ulikuwa umesimama. Marafiki walichanga fedha za kuisaidia familia, kwa sababu mbunge huyo hakuwa ameacha mali.

Mwaka 1967 Bi Emma aliwachukua mabinti wake wakahamia Kanada. Huo ndio mwaka ambao Kenya ilipitisha sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara, na Waasia wengi wakaanza kufunga virago. Familia ya mtu aliyefungwa miaka kadhaa kwa ajili ya uhuru wa Kenya ikajikuta ikiondoka katika msimu ule ule na wale walioambiwa kwamba hapa si kwao.

Bi Emma aliishi hadi mwaka 2020. Alikuwa mjane kwa miaka 55, akaaga dunia bila kuambiwa na serikali yoyote ni nani aliyemfanya mjane. Kati ya marais wanne walioiongoza Kenya wakati huo, hakuna aliyempa jibu.

Rafiki wa karibu wa Pinto, Joseph Murumbi, naye alikuwa na damu ya Goa. Babake alikuwa mfanyabiashara Mgoa na mamake Mmaasai. Aliteuliwa Makamu wa Rais Mei 1966, akajiuzulu kabla mwaka huo haujaisha, na waliomjua walisema kwamba kifo cha Pinto kilikuwa jeraha ambalo halikumpona. Murumbi alipofariki mwaka 1990 alizikwa katika bustani ya City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto, kama alivyokuwa ametaka. Anayetembea humo leo anaweza kuwaona wote wawili wakiwa majirani.

Heshima bila jibu

Haitakuwa kweli kusema kwamba Kenya imemsahau kabisa. Mwaka 2008 sura yake ilichapishwa katika stempu za posta za mashujaa wa taifa, pamoja na za Odinga, Mboya na Ronald Ngala. Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Zote hizo ni hatua njema.

Lakini stempu hubandikwa kwenye bahasha. Haiwezi kujibu barua. Na kwa mtu aliyezaliwa Nairobi, akafungwa Manda, akahariri magazeti ya Kiswahili na kuzikwa City Park, kutambuliwa kuwa Mkenya miaka 52 baada ya kuuawa ni kupewa cheti cha kitu alichokuwa nacho tangu siku ya kuzaliwa.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, ikiwa imeyagusa mauaji ya kisiasa, ya Pinto yakiwemo. Machi 2015 Rais huyo aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa maovu ya zamani, akatangaza hazina ya Sh10 bilioni ya kuwafidia waathiriwa. Radhi ni mwanzo wa mazungumzo. Kwa watu wa Pinto, mazungumzo hayo hayajafika mahali ambapo mtu hutajwa kwa jina.

Zipo sauti zinazouliza: ya nini kufukua makaburi ilhali wengi wa waliohusika huenda wamekwisha kufa? Hoja hii ina mvuto, hasa katika nchi yenye shida nyingi za leo. Hata hivyo, inapuuza mambo mawili.

La kwanza ni kwamba kosa la mauaji halichakai kwa mujibu wa sheria ya Kenya. Hakuna tarehe ambayo ikifika basi damu huwa maji. Faili za polisi, kumbukumbu za mahakama na barua za maafisa wa wakati huo si mali ya mtu binafsi. Kuzifungua hakuhitaji mshtakiwa aliye hai, kunahitaji uamuzi tu.

La pili linahusu waliofuata. Kila mauaji yaliyoachwa bila jibu yaliwafunza waliopanga yaliyofuata kwamba inatosha kumkamata mtu mdogo, au kutomkamata yeyote, na kungoja watu wachoke. Katika kesi ya Mboya aliyefyatua risasi alinyongwa na swali la waliomtuma likabaki. Katika kesi ya J.M. Kariuki hakuna hata aliyehukumiwa. Somo lilianzia Westlands.

Zaidi ya hayo, kuna mtoto yule wa kiti cha nyuma. Alikuwa mdogo mno kuweza kutoa ushahidi, lakini ndiye shahidi wa mwisho wa familia aliyekuwepo. Sasa ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, na Februari 2025 ilitimia miaka 60 tangu asubuhi hiyo. Babu yake alifariki bila kumwona mwanawe kwa sababu ya serikali ya kikoloni. Mamake alifariki bila kupata ukweli kutoka kwa serikali huru. Kizazi cha tatu ndicho sasa kinachongoja.

Taifa linaweza kuishi bila kumjua muuaji wa mtu mmoja. Mataifa mengi huishi hivyo. Lisiloweza kulifanya bila kujiaibisha ni kumwita mtu shujaa wake, kuweka sura yake kwenye stempu, kisha kukataa kuwaambia watoto wake yaliyoandikwa katika faili lake. Kama wasemavyo Waswahili, dawa ya deni ni kulipa, na wadai wa deni hili wanazidi kupungua kila mwaka.